Safu ya Nailoni

Wiki iliyopita niliwaacha, wasomaji wangu, mkono wangu wa kushoto ukiwa kwenye fremu ya mlango na mume wangu ameshika kitasa. Basi aliufunga.

Vidole viwili vilivunjika, kile cha mwisho na jirani yake. Nilisikia mlio kwanza, maumivu yakaja nyuma kama mtu aliyechelewa ibada. Kisha Wamalwa akafungua mlango, akaleta maji ya chumvi na kitambaa, akanifunga mwenyewe kwa upole. Ndivyo alivyo mume wangu. Akikuvunja anakufunga, na majirani wanamwona akikufunga.

Kwa msomaji anayeanza leo, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Nabangala, Mkenya wa Kimilili. Nafuma masweta ya shule hapa ugenini, mtaa wa Bwaise, kwenye chumba ambamo mashine imekaa juu ya matofali kwa sababu ya mafuriko. Kavugho ni mwanamke wa Kikongomani kutoka Lubero, baunsa wa baa moja ya Bugolobi. Ana mabega ambayo yalipasua zipu za maduka matatu ya kukodisha magauni, wenye maduka wakamwomba asirudi. Akaja kwangu.

Kwao Lubero ni milimani, kuna baridi, na mama yake alikuwa fundi wa masweta. Akasema anataka kuolewa ndani ya sufu. Gauni jeupe la kufuma, shingo hadi kisigino, mikono mirefu, na lisimbane popote. Bwana harusi wake ni Guerschom, kinyozi mpole anayemfikia begani.

Na Wamalwa wangu ndiye yule mlevi ambaye Kavugho alimtoa baa kwa kumshika mkanda wa suruali, miguu ikielea, akambwaga mtaroni. Mtu akapiga video. Sasa Nateete nzima, anakouza vipuri vya pikipiki, hawamwiti Wamalwa tena. Wanamwita Mzigo.

Hapo ndipo tulipofika. Aliposikia gauni linafumwa nyumbani kwake, hakupiga kelele. Alicheka, na mimi nikajua nimekwisha.

Anayefuma kwa mashine ataelewa alichokitaka. Sisi hatufumi sweta moja moja. Tunafuma mgongo wa kwanza, tunaweka safu moja ya uzi wa nailoni, tunaendelea na mgongo wa pili bila kukata. Ukivuta nailoni, inateleza yote, na vipande vinaachana kama ndugu waliogombania shamba. Wamalwa amenivutia nailoni hizo miaka sita huku akitazama mpira. Ni kazi pekee ya nyumbani aliyowahi kujifunza.

"Hapo chini ya matiti," aliniambia, "unaunganisha juu na chini na nailoni. Kuzunguka mwili wote. Mkia wa uzi uuache nyuma. Si wewe ndio utabeba gauni kwa nyuma kanisani?"

"Ni mimi."

"Nikikohoa, vuta."

Nikamwambia hilo siwezi, kwamba yule ni bibi harusi, na mbele ya Mungu. Ndipo akauchukua mkono wangu akaupeleka mlangoni. Baada ya kunifunga kitambaa akaniuliza, "Umebaki na ngapi?"

"Nane."

"Basi fuma na nane."

Nikafuma. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hiki nilikiweka mimi, kitanzi kwa kitanzi, vitanzi mia tatu na themanini kuzunguka kifua cha mwanamke ambaye hakunikosea chochote.

Msiniulize kwa nini sikukimbia. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Ijumaa mchana Wamalwa alikuja kukagua. Aligeuza gauni, akaupata mkia wa nailoni mgongoni, akauvuta kidogo. Ukateleza bila shida. Akafurahi mpaka akatoka akaniletea kuku na chipsi. Nikala. Hilo nalo nakiri, nilikula mpaka mifupa.

Jumamosi saa tatu asubuhi nilikuwa kanisani kwao, nyuma ya yadi ya mbao pale Nateete. Walinipa stoo ya kumvishia bibi harusi, katikati ya viti vya plastiki na spika mbovu. Kichwani nilikuwa nimechomeka sindano zangu mbili za kufumia, za chuma, namba kumi, ndani ya kilemba. Ndiko zinakokaa siku zote. Wengine wanaweka kalamu sikioni, mimi naweka sindano kilembani, na nikizikosa najiona sijavaa.

Kavugho alivaa. Wasichana waliokuwa wakimpaka poda wakarudi nyuma kumtazama.

Sufu ilimkaa. Mabega yale yaliyotukanwa na maduka matatu yalipumzika kama yamefika nyumbani. Akainua mikono juu, akaikunja, akarusha ngumi mbili hewani kujaribu, na gauni likamfuata. Akacheka kwa sauti.

"Angalia!" aliwaambia wasichana. "Miye bibi harusi!"

Nikaanza kulia.

"Mama Sweta, unalia juu ya nini?"

"Watoe hawa."

Akawatoa. Nikafunga mlango kwa komeo, nikamwambia. Sikupamba. Nikamwonyesha mkia wa nailoni mgongoni, nikamweleza unafanya nini, na nani ameagiza, na kwamba nilipaswa kuuvuta mimi mbele ya kanisa lote.

Hakuuliza swali. Alinishika koo kwa mkono mmoja akanipandisha ukutani mpaka viatu vikaniachia. Spika ikaanguka. Niliona macho yake karibu kabisa na yangu, na sikuona hasira ndani yake, niliona mtu anayefanya kazi yake. Masikio yakaanza kuvuma. Nikainua mikono kumshika kifundo, wa kulia na wa kushoto.

Akaona kitambaa.

Akaniteremsha. Nilikohoa nimepiga magoti, yeye akachuchumaa, akaufungua mkono wangu taratibu. Vidole vilikuwa vimekuwa vyeusi, vimevimba kama ndizi zilizoiva kupita kiasi.

"Ni yeye?"

"Ni yeye."

"Wamalwa? Ule mwanaume mwepesi vile?" Akatikisa kichwa. "Namubeba na mkono moja, na weye anakuvunja."

"Nisamehe."

"Mama yangu alifumaka na vidole kama hivi," alisema. Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia vidole. "Baba alivivunja. Hata alifuma vile vile. Usiku ule Baba alimuua, miye nilikuwa chini ya kitanda. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa na nguvu tayari. Nilisikia yote. Sikutoka."

Nje walikuwa wanajaribu ngoma.

"Unaweza kufunga?" akauliza.

"Naweza kupitisha sufu kwenye njia ile ile ya nailoni. Nikimaliza kuzunguka, hata akivuta, nailoni itatoka peke yake na gauni litabaki. Kukata mkia tu hakusaidii, ncha itateleza yenyewe ukicheza. Lakini kwa mkono huu itachukua saa nzima."

"Tuna dakika ngapi?"

"Thelathini."

"Funga."

Nikamwomba avae kitenge ndani, angalau. Akakataa. "Niingie kwa Mungu na woga ndani ya nguo?" Nikamwambia basi tuwaambie wazee wa kanisa wamzuie Wamalwa mlangoni. Hapo akakasirika kweli.

"Weye hauwajue wazee wetu. Wameshasema, fujo moja tu siku ya leo, hakuna ndoa."

Na kweli walikuwa wamesema. Siku ya kutoa posa, Kavugho alimzaba kofi mjomba wa Guerschom aliyeuliza kama wanamwoa mwanamke au trekta. Baraza la kanisa likakaa mara tatu. Mwishowe Mchungaji Bisimwa akamfanya aape, mkono juu ya Biblia, kwamba kuanzia wimbo wa kwanza hadi amina ya mwisho hatamgusa mtu. Guerschom naye hakuomba kingine. Alimwambia, siku hiyo moja tu, mikono yako niipokee safi.

"Kwa hiyo akija," nikauliza, "utafanya nini?"

"Miye leo sipige mutu." Akanigeukia. "Na weye?"

Nilianza kushona.

Nilianzia mbele, kwa sababu mbele ndiko watakakotazama wengi. Sindano butu, uzi wa sufu, kitanzi cha juu, kitanzi cha chini. Mkono wa kushoto ulikuwa wa kushikilia tu na hata hilo haukuliweza, nikawa nashikilia nguo kwa meno. Kavugho alisimama anapumua polepole ili kifua kisicheze. Mara moja nilimchoma kwenye mbavu. Hakushtuka.

Vitanzi mia moja. Mia na hamsini. Nikamaliza mbele, nikaingia ubavu wa kulia. Jasho lilinidondokea kwenye sufu.

Mchungaji akagonga. "Bibi harusi! Batu wanangoja!"

"Dakika kumi, Pasta!"

Mia mbili na hamsini. Nikafika katikati ya mgongo. Ngoma zikaanza, akina mama wakapiga vigelegele, mlango ukagongwa tena kwa ngumi. Nilikuwa nimebakiza vitanzi tisini hivi, robo ya mwili, upande wa kushoto nyuma ambako mkia wenyewe ulining'inia.

"Imebaki robo," nikamwambia.

"Inatosha," akasema, akaenda kufungua mlango.

Nikabeba gauni kwa nyuma kwa mkono wa kulia. Wamalwa alikuwa amekaa ukingoni mwa njia, safu ya tatu kutoka mbele, suti ya kijivu, simu mkononi tayari kupiga video. Aliniona, akatabasamu kama mume mwema. Hata alimnong'oneza jirani yake, na najua alichosema. Alisema, lile gauni amelifuma mke wangu.

Tulipompita akakohoa.

Nikatembea.

Akakohoa tena, kwa nguvu. Mama mmoja wa Kikongomani akampa peremende. Kama nisingekuwa nakufa kwa hofu ningecheka. Akaiweka mdomoni, akakohoa mara ya tatu, na sasa watu wakageuka. Mimi nilitazama kisigino cha Kavugho na hatua zangu.

Tulifika mbele. Guerschom alikuwa analia tayari.

Sasa kuna jambo ambalo mimi, mmoja wa Waprotestanti wa Kimilili tunaokaa kanisani kama tuko benki, sikulifikiria. Kwao bibi harusi akifika mbele, watu hawakai. Wanasimama, wanatoka na vitambaa, wanacheza kumzunguka mpaka mchungaji awatulize. Nani atamzuia mgeni anayekuja kucheza? Wamalwa alikuja anacheza. Alizungusha kitambaa juu, akatikisa mabega, akina mama wakampigia vigelegele. Akazunguka mpaka akawa nyuma ya bibi harusi, ubavuni kwangu.

"Umenidharau," aliniambia sikioni, bado anacheza.

Akauona mkia. Akauzungusha mara mbili kwenye ngumi, akavuta kwa mwili wote.

Nailoni ilitoka yote, ndefu, ikamfanya apepesuke hatua mbili nyuma. Upande wa kushoto wa mgongo ukafunguka, kuanzia uti wa mgongo hadi chini ya kwapa. Robo ile. Sketi ikashuka kidogo upande huo, ikasimama. Sufu yangu ilishika.

Lakini pale palipofunguka palikuwa na kovu la panga, pana kama kiganja. Guerschom mwenyewe hakuwahi kuliona. Vigelegele vikafa. Wengi kanisani mle wana makovu ya kwao, walijua wanatazama nini. Guerschom akaanza kuvua koti lake amfunike, mkono mmoja ukanasa kwenye mkunjo.

Wamalwa alitazama nailoni ngumini mwake, akatazama gauni lililogoma kuanguka, akaelewa. Akaushika mkono wangu wa kushoto. Akaubana.

Sijui kama nilipiga kelele. Nilienda chini kwa goti moja, naye akaendelea kubana, mfupa juu ya mfupa, huku mkono wake wa pili ukiingia kwenye tundu la gauni, umeshika ukingo wa sufu ili achane yote. Nilisikia vitanzi vyangu vikikatika kimoja kimoja.

Na Kavugho? Alisimama ametazama msalaba, mikono ameikunja kifuani, ameing'ang'ania. Mishipa ya shingo ilimtoka. Alikuwa anaimba. Peke yake, kanisa zima limenyamaza, anaimba wimbo uliokuwa umekatika, ili mikono isipate kazi.

Na weye? Ndivyo alivyoniuliza.

Siku zote mtu akisimulia jambo kama hili husema, sikufikiri, mkono ulijiendea. Mimi sitawadanganya. Nilifikiri. Nilipata muda wa kutosha wa kuchagua mahali. Nikapeleka mkono wa kulia kilembani, nikachomoa sindano moja, nikamwingiza nayo chini ya mbavu, pale koti lilipoinuka. Iliingia kama inavyoingia kwenye bunda la sufu, mwanzoni inakataa kidogo, halafu inakubali.

Akaniachia. Alifungua mdomo, peremende ikamdondoka. Akarudi nyuma, akakosa ngazi ya madhabahu, akaanguka na kisogo kwenye ukingo wa saruji. Mlio ule waliusikia hata waliokuwa nje.

Nilifurahi. Nalo hilo nakiri.

Kavugho ndipo akageuka. Aliponiona mimi nimepiga magoti na Wamalwa amelala, aliruka, akamwinamia, akampindua ubavu, akaweka mikono yote miwili pale damu ilipotoka. Ikamlowesha hadi kwenye viwiko, sufu nyeupe ikanywa. Na hiyo ndiyo picha ambayo watu mia mbili waliiona walipoinua shingo.

"Amemupiga!" mama mmoja akalia. "Kavugho amemupiga mutu kanisani!"

Mjomba aliyezabwa kofi akapanda juu ya kiti. "Nilisema! Nilisema miye!"

Polisi hawakuwa mbali, kuna kituo kidogo barabarani. Akaja afande mmoja mfupi, Mubaraka jina lake, na vijana wawili na pikapu. Wamalwa alikuwa anapumua, macho yamefumba, wakampakia kwenye gari la mtu apelekwe hospitali. Kisha afande akauliza nani aliona.

Wote waliona. Mmoja aliona ngumi. Mwingine aliona kiwiko. Mzee wa kanisa aliona kichwa, akakionyesha na chake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, wasomaji wangu. Walikuwa wanamjua Kavugho, na walijaziliza pale walipokuwa hawakuona. Mwanamke pekee katika kanisa lile aliyetunza kiapo ndiye waliyemshuhudia akikivunja.

"Hakupiga!" Guerschom alikuwa ameshika koti lake mkononi. "Nilikuwa namutazama mgongo! Mikono yake ilikuwa mbele!"

"Wewe ni bwana yake, ssebo," afande akasema. "Wewe nyamaza."

Mchungaji Bisimwa alifunga kitabu cha ndoa. Kalamu ilikuwa bado ndani, kitabu hakikufunga vizuri. Wino haukuwa umegusa ukurasa.

Wakamfunga Kavugho pingu juu ya mikono ya gauni. Hakupambana nao. Alikuwa mrefu kuliko wote watatu, akainama kidogo ili wamfikie. Mimi nilikuwa nimesimama nguzoni nimekumbatia mkono wangu, na nilikuwa nimeshaamua. Naapa nilikuwa nimeamua. Nilikuwa navuta pumzi ili niseme, ni mimi.

Lakini afande alinitangulia.

"Ngoja kwanza," alisema. "Ule mwanaume, mimi nimeangalia yeye hapa kwa mbavu. Ile si ngumi. Iko tundu. Tundu kadogo." Akazunguka macho kanisani, watu wakatazama viatu vyao. Macho yake yakapita kwangu, yakarudi, yakapanda hadi kwenye kilemba. "Nyabo, mama. Wewe ndiyo ulishona hii nguo?"

"Ndiyo, afande."

"Bibi yangu pia anafumanga sweta." Akasogea. Alinuka peremende na damu, au ni mimi niliyenuka. "Hizi chuma zinatembeanga mbili mbili. Mbona yako iko moja?"

Nikaupeleka mkono juu. Ilikuwepo moja tu, kweli. Kinywa kilikuwa wazi, neno lilikuwa kwenye ulimi.

"Afande." Ilikuwa sauti ya Kavugho. "Iko hapa."

Akainua mikono yake yenye pingu, na kutoka ndani ya mkono wa gauni, kwa vidole viwili, akaivuta. Namba kumi, nyekundu hadi nusu. Alikuwa ameichomoa pale alipomwinamia, akaipenyeza kwenye sufu niliyomfumia mimi mwenyewe.

"Nilimuomba uyu mama sindano kabla ya kuingia," alisema. "Alizania nataka kurekebisha nguo. Yeye hajue kitu."

Guerschom akakaa sakafuni.

Afande akanigeukia. "Ni kweli, nyabo?"

Kavugho alinitazama vidole. Hakunitazama usoni hata mara moja, vidole tu, kama pale stoo. Nikaelewa kwamba hakuwa ananilipia mimi. Alikuwa analipia usiku mmoja wa Lubero, na mama mmoja aliyefuma na mkono uliovunjika.

Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Hapana. Lina herufi sita.

Nikatikisa kichwa juu na chini.

Wakamtoa. Alipandishwa nyuma ya pikapu na gauni lake lote, robo ya mgongo nje, koti la Guerschom juu ya mabega. Watoto wa yadi ya mbao walilikimbilia gari wakiimba, bibi harusi, bibi harusi. Na mimi, mtu mzima wa miaka thelathini na nane, nilikuwa chini ya kitanda. Nilisikia yote, sikutoka.

Kanisa likaisha watu. Nilibaki nikiokota nyuzi zilizokatika, kama vile zingetumika tena. Nilijiambia, atakufa. Wamalwa atakufa hospitali, na nikishajua amekufa nitakwenda kituoni nikaseme, kwa sababu hapo sitakuwa na mtu wa kumwogopa. Nilikuwa namwombea mume wangu kifo ili nipate ujasiri. Niliomba kwa bidii, karibu na damu yake.

Saa tisa alasiri simu ikalia. Jina lilikuwa lake. Nikajua ni nesi.

"Nabangala."

Hakuwa nesi.

"Daktari anasema ni nyama tu," alisema Wamalwa. Sauti ilikuwa ndogo, imekauka, lakini ilikuwa yake. "Haikufika kwa maini. Na kichwa wameshona. Mbona hunijibu?"

"Nakusikia."

"Polisi wametoka hapa sasa hivi. Wameniuliza ni nani."

Nikashika kiti. Nilijisemea, basi, amesema yeye, na iwe hivyo. Kavugho atatoka. Nilihisi kitu kama nafuu, nikaona aibu kuihisi.

"Nimewaambia ni yule mwanamke," akasema. "Nimeandikisha na nimeweka sahihi. Yeye ataozea ndani."

"Wamalwa, wewe unajua ni nani."

"Najua sana. Lakini wewe ni bibi yangu. Mambo ya nyumba nayamaliza nyumbani." Akapumua, nikasikia kitanda kikilia. "Wananitoa kesho. Enda uweke uji, usiwe na sukari mingi. Na ule mkono umetumia..."

Akakohoa. Kikohozi cha kweli safari hii, kirefu. Nilingoja kiishe.

"Ni ule wa kulia, si ndiyo?"